Uchavushaji wa Pilipili kwa Mkono: Jinsi Kaya Inavyoweza Kutunza Mbegu Yake na Kuzalisha Aina Mpya

Malalamiko ya namna moja husikika kila msimu katika bustani za nyumbani, iwe Morogoro, Lushoto au pembezoni mwa Dar es Salaam. Mwananchi hununua pilipili hoho nono sokoni, huzitoa mbegu, huzikausha na kuzipanda nyuma ya nyumba. Miezi minne baadaye huvuna matunda yasiyofanana: mengine marefu na membamba, mengine madogo yenye nyama haba, na machache yenye kuwasha kiasi cha watoto kususa mboga. Lawama huelekezwa kwenye udongo, kwenye mbolea au kwa muuza mboga. Kwa kawaida hakuna mwenye hatia kati yao. Jambo lenyewe lilikwisha kuamuliwa msimu uliotangulia, ndani ya ua dogo jeupe, kwa moja ya sababu mbili: ama mmea mama ulitokana na mbegu chotara, ama ua lake lilipokea chavua ya pilipili nyingine iliyokuwa jirani.

Sababu zote mbili zinaweza kudhibitiwa na mtu yeyote mwenye ndoo chache za udongo, kibanio chembamba na subira. Makala haya yanaeleza namna ya kulikinga ua ili aina iliyopo isipotee, namna ya kukutanisha aina mbili kwa makusudi, na mambo yanayotarajiwa katika vizazi vinavyofuata. Hakuna maabara inayohitajika. Kinachohitajika zaidi ni kumbukumbu iliyoandikwa, na hapo ndipo wengi hushindwa.

Pilipili na jamaa zake

Pilipili zote tunazozungumzia hapa ni za jenasi ya Capsicum, iliyo katika familia moja na nyanya, bilinganya, nyanya chungu, viazi mviringo, mnavu na tumbaku. Asili yake ni bara la Amerika, ambako zililimwa kwa maelfu ya miaka kabla ya meli za Wahispania na Wareno kuanza kuzisambaza duniani mwishoni mwa karne ya 15. Jina lenyewe ndilo lililotangulia: neno pilipili lina chimbuko katika lugha za India, ambako lilitaja viungo vya jamii ya pilipili manga zama nyingi kabla ya zao hili la Amerika kuvuka bahari.

Spishi zilizoendelezwa na binadamu ni tano, lakini tatu ndizo zinazokutwa zaidi katika bustani zetu. Ya kwanza ni Capsicum annuum, yenye pilipili hoho pamoja na pilipili nyingi ndefu za kuwasha. Ya pili ni Capsicum chinense, ambayo ndiyo pilipili mbuzi, yenye harufu isiyofichika hata kabla tunda halijakatwa. Jina lake la kisayansi ni kosa lililodumu: Nikolaus Joseph von Jacquin aliliandika mwaka 1776 akiamini mmea huo umetoka China, na hadi leo halijabadilishwa. Ya tatu ni Capsicum frutescens, pilipili kichaa, yenye vitunda vidogo vinavyoelekea juu.

Tofauti hizi si za kitabuni tu. Kukutanisha aina mbili za spishi moja ni kazi nyepesi, ilhali kukutanisha spishi mbili ni kazi ya kubahatisha. Hoho ikichavushwa kwa pilipili mbuzi huweza kushika tunda, lakini mara nyingi mbegu zake huwa chache, huota kwa shida, au hutoa mimea dhaifu isiyozaa vema. Anayeanza asijitwishe mzigo huo. Achague aina mbili za annuum, au aina mbili za pilipili mbuzi. Zikimchanganya, aangalie maua na vikonyo: annuum kwa kawaida hutoa ua moja jeupe katika kila kifundo cha tawi, pilipili mbuzi hutoa mawili au zaidi mahali pamoja, na tunda lake huwa na mfinyo kama pete pale kikonyo kinapokutana na kikombe cha ua, pilipili kichaa ina maua yenye weupe unaoelekea kijani.

Ua la pilipili lilivyo

Ua moja la pilipili lina sehemu za kiume na za kike pamoja. Petali zake huwa tano hadi saba. Ndani yake kuna stameni, yaani vijiti vya kiume, ambavyo kila kimoja kina kifuko cha chavua kichwani. Vifuko hivyo mara nyingi huwa na rangi ya buluu au zambarau vikiwa vizima. Vikishapasuka ubavuni, hutoa unga mweupe unaoelekea manjano. Katikati husimama kijiti cha kike, na ncha yake yenye unato huitwa stigma. Chini yake kuna ovari, ambayo ndiyo itakayokuwa tunda.

Kwa kuwa pande zote mbili zinaishi nyumba moja, mbegu nyingi za pilipili hutokana na ua kujichavusha lenyewe, likisaidiwa na upepo unaotikisa tawi. Hata hivyo, nyuki wa asali, nyuki wadogo wasiouma na wadudu wengine hulitembelea ua hilo na kuhamisha chavua kutoka mmea hadi mmea. Kiwango cha mchanganyiko huo hutofautiana sana: kuna mashamba yaliyopimwa na kukutwa na asilimia chache tu, na mengine ambako zaidi ya nusu ya mbegu zilikuwa na baba wa nje. Hutegemea wingi wa wadudu, umbali kati ya aina na aina, na umbo la ua lenyewe. Aina ambazo stigma yake imechomoza kupita stameni hupokea wageni kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana mashamba ya kuzalisha mbegu za kuuza hutenganishwa kwa mamia ya mita, umbali ambao uwanja wa nyumba ya kawaida hauna.

Hapa inafaa kusahihisha imani moja iliyoenea. Wengi husema kwamba hoho ikipandwa karibu na pilipili kali, matunda ya hoho hiyo yatawasha msimu uleule. Si kweli. Nyama ya tunda, pamoja na utando mweupe unaoshikilia mbegu, ni mwili wa mmea mama, na chavua ya jirani haiubadilishi. Ukali hutokana na kemikali iitwayo kapsaisini, inayotengenezwa katika utando huo mweupe, si katika mbegu kama inavyodhaniwa. Kinachoathiriwa na baba ni kijimmea kilicho ndani ya mbegu. Mbegu hiyo ikipandwa, mmea utakaoota ndio utakaoonyesha ukoo wake. Kwa hiyo mlaji hana sababu ya kuhofia jirani wa hoho yake, ila mtunza mbegu anayo.

Kulikinga ua ili aina isipotee

Kazi ya kwanza, na kwa kaya nyingi ndiyo yenye faida kubwa zaidi, ni kuitunza aina iliyopo. Familia nyingi zina pilipili iliyorithiwa kwa bibi, yenye harufu au ukali usiopatikana dukani, na haina jina katika orodha yoyote. Misimu miwili au mitatu ya kuchanganyika na pilipili za jirani yatosha kuipoteza.

Njia ni kulifunika ua kabla halijafunguka. Kitambaa chepesi kinachopitisha hewa, kama kile cha shela au pazia la wavu, hushonwa kifuko chenye ukubwa wa kiganja, kikavishwa kwenye tawi lenye vitumba na kufungwa kwa uzi bila kulibana shina. Vifuko vya chai vilivyo tupu na vikavu navyo hufaa kwa ua mojamoja. Chandarua kinachotumika kitandani kiachwe kitandani. Kazi yake ni kubwa kuliko hii. Maua na matunda yaliyokwisha kufunguka kwenye tawi hilo huondolewa kabla ya kufunika, kwa sababu haijulikani yalitembelewa na nani. Kila asubuhi tawi litikiswe kidogo kwa kidole ili chavua iangukie stigma, kwa kuwa ndani ya kifuko upepo ni haba. Vitunda vikishaanza kuvimba kifuko huondolewa, na kila kitunda hufungwa uzi wa rangi ili siku ya mavuno kisiishie jikoni.

Uzi huo usidharauliwe. Pilipili ya mbegu huonekana sawa na pilipili ya kachumbari, na kazi ya miezi miwili hupotea kwa mchuzi mmoja.

Mbegu za kutunza aina zisitoke kwenye mmea mmoja. Mimea mitano au sita iliyo bora hubeba tofauti ndogondogo za aina hiyo vizuri zaidi. Neno bora hapa lina maana ya mmea mzima, si tunda moja kubwa: mmea usio na majani yaliyojikunja au yenye madoa ya mozaiki, uliozaa mapema na kwa wingi, na matunda yake yote yakifanana.

Kukutanisha aina mbili

Kabla ya kugusa ua lolote, mzalishaji ajiulize anataka nini. Chukua mfano wa mtu mwenye pilipili ndefu ya kienyeji, ya annuum, inayostahimili jua na kuzaa muda mrefu, ila inawasha mno kwa watoto. Upande wa pili ana hoho tamu inayodhoofika haraka. Angependa mmea mgumu kama wa kwanza wenye tunda lisilowasha kama la pili. Lengo hili linawezekana nyumbani, na ndilo litakalotuongoza katika maelezo yanayofuata.

Chagua mmea mama ulio na afya, na usiwe na matunda mengi. Mmea uliobeba mzigo hudondosha maua mapya, hivyo ni vema kuyachuma matunda yaliyopo siku kadhaa kabla. Tafuta kitumba kilichonona, cheupe, kitakachofunguka kesho yake. Kitumba cha kijani bado ni kichanga, na ua lililokwisha kufunguka limechelewa, kwa kuwa vifuko vyake vya chavua huenda vimepasuka. Nafasi ya kazi hii ni ndogo kwa sababu stigma huwa tayari kupokea chavua kabla ya ua kufunguka, ilhali vifuko vya chavua hupasuka saa chache tu baada ya kufunguka. Mchavushaji anajiingiza katika mwanya huo.

Osha mikono kwa sabuni, na anayevuta sigara aoshe kwa bidii zaidi, kwa kuwa virusi vya mozaiki ya tumbaku husafiri kwa vidole na hushambulia pilipili pia. Pangusa ncha za kibanio kwa spiriti na ziache zikauke. Shika kitumba kwa vidole viwili bila kukiminya, fungua petali kwa kibanio au uziondoe kabisa moja baada ya nyingine, kisha nyofoa stameni zote kuanzia chini bila kugusa kijiti cha katikati. Hesabu. Kama petali ni sita na stameni zilizotoka ni tano, moja imebaki, na hiyo moja yatosha kuharibu jaribio. Ukiona kifuko chochote kimekwisha kumwaga unga, liache ua hilo na utafute jingine. Kwa mkono usiozoea, maua mawili au matatu ya kwanza yatavunjika. Ni ada ya kujifunza.

Chavua ya mmea baba huchukuliwa kwenye ua lililofunguka asubuhi hiyo, ambalo vifuko vyake ndiyo kwanza vinapasuka. Kwa uhakika zaidi, ua la baba nalo liwe lilifunikwa tangu jioni ili nyuki asiwe ameliachia chavua ngeni. Chuma stameni moja na uigusishe taratibu kwenye stigma ya mama hadi unga uonekane umeshika. Brashi ndogo ya rangi hufanya kazi hiyo pia, lakini hukumbatia chavua katikati ya manyoya yake, na inapohamia aina nyingine hubeba mabaki. Funika ua, kisha funga lebo yenye tarehe na majina mawili. Kwa desturi ya wazalishaji wa mbegu, jina la mama hutangulia la baba. Rudia kuchavusha asubuhi inayofuata ikiwa stigma bado inang'aa.

Wakati mzuri ni asubuhi kabla ya jua kuwa kali. Joto ndilo adui mkubwa zaidi wa kazi hii. Mchana unapopita nyuzi joto 32, au usiku unapobaki juu ya 24, chavua hudhoofika na maua hudondoka hata bila kuguswa. Mkazi wa pwani atapata taabu mwezi Februari na Machi, na asijilaumu. Kwenye nyanda za juu tatizo ni kinyume chake. Usiku wa chini ya nyuzi 15 hutoa chavua mbovu, na tunda hushika likiwa limepinda na halina mbegu. Hata hali ya hewa ikiwa njema, si kila ua hushika. Ni busara kuchavusha maua kumi ukitazamia matunda machache. Ua lililofanikiwa hujulikana kama katika wiki moja hivi: kikonyo hubaki kijani na ovari huanza kuvimba. Lililoshindwa hugeuka manjano kwenye kifundo na kuanguka.

Vizazi vinavyofuata

Mbegu za tunda hilo zikipandwa hutoa uzao wa kwanza, yaani chotara. Mimea yake hufanana sana, na wapo wanaodhani kazi imekwisha. Kwa mfano wetu, pilipili zote zitawasha. Uwezo wa kutengeneza kapsaisini husimamiwa hasa na jeni moja, na hali ya kuwasha huitawala hali ya kutowasha; mmea uliorithi kuwasha kwa mzazi mmoja tu tayari utawasha. Matunda nayo yatakuwa madogo kuliko ilivyotarajiwa, kwa kuwa ukubwa wa tunda hauendi nusu kwa nusu, bali huelemea upande wa mzazi mwenye tunda dogo. Wengi hukata tamaa hapa na kung'oa mimea. Wasing'oe, kwa maana utamu umejificha tu.

Funika maua ya uzao huo, yaache yajichavushe, na upande mbegu zake. Katika uzao wa pili sifa hutengana, na ndipo zile tofauti za bustani tulizoanza nazo hutokea, safari hii kwa kutarajiwa. Kwa wastani mmea mmoja katika kila minne hautawasha. Neno wastani lisisahauliwe. Aliyepanda miche minne ana uwezekano wa takriban asilimia 32 wa kutopata hata mmoja usiowasha. Aliyepanda 12 uwezekano huo hushuka hadi asilimia 3. Anayetaka sifa mbili zilizojificha kwa pamoja, mathalani tunda lisilowasha na pia la manjano badala ya jekundu, anatafuta mmea mmoja katika kila 16, na atahitaji miche ipatayo 47 ili awe na uhakika wa asilimia 95 wa kuupata angalau mmoja. Kwa nafasi ya uwanja mdogo, hesabu hii ndiyo inayoamua lengo, kuliko ustadi wa mikono. Afadhali sifa moja inayofikika kuliko tatu zinazodai ekari.

Kupima ukali hakuhitaji chombo. Kata kipande kidogo cha utando mweupe karibu na kikonyo, kigusishe ncha ya ulimi, kisha subiri. Mate mengi na maji havisaidii ulimi ukiungua, kwa kuwa kapsaisini huyeyuka kwenye mafuta, maziwa husaidia. Mikono isiguse macho.

Habari njema ni kwamba mmea usiowasha ukishapatikana, sifa hiyo imekwisha kutulia. Hauna tena jeni ya kuwasha ndani yake, na uzao wake wote ukijichavusha hautawasha. Kinyume chake, kati ya mimea mitatu inayowasha katika uzao huo, miwili bado imebeba utamu uliofichika. Sifa nyingine, kama ukubwa wa tunda, unene wa nyama na ugumu wa mmea, husimamiwa na jeni nyingi na hutulia polepole. Kila kizazi kinachojichavusha hupunguza kwa nusu tofauti zilizobaki ndani ya ukoo: uzao wa pili una nusu yake, wa tatu robo, wa nne moja ya nane. Ukifika uzao wa saba au wa nane, mimea ndugu hufanana kiasi cha kuitwa aina. Mahali penye joto la wastani na maji ya kumwagilia mwaka mzima, vizazi viwili kwa mwaka vinawezekana. Kwa hiyo kazi nzima huchukua miaka mitatu hadi minne.

Kama tunda limebaki dogo mno, ipo njia ya mkato: chotara wa uzao wa kwanza huchavushwa tena na mzazi hoho. Nusu ya uzao huo haitawasha, na matunda yatasogea karibu na ukubwa wa hoho. Gharama yake ni kwamba ugumu wa mmea wa kienyeji nao hupungua, na uteuzi huwa lazima uwe mkali zaidi.

Hesabu hizi ndizo pia zinazoeleza kwa nini mbegu za chotara kutoka dukani hazirudiwi kupandwa kwa matumaini ya mavuno yaleyale. Chotara wa kampuni ni uzao wa kwanza wa wazazi wawili waliotunzwa kwa makusudi, na mbegu za tunda lake ni uzao wa pili. Si kwamba zimetiwa kitu cha kuziharibu, kama inavyosemwa vijiweni. Zinaota vizuri; hazifanani tu.

Kuvuna na kutunza mbegu

Tunda la mbegu huachwa mtini hadi libadilike rangi yote, jambo linalochukua wiki saba hadi kumi na moja tangu kuchavushwa kutegemea aina na baridi. Likichumwa liwekwe kivulini wiki moja au mbili zaidi. Mbegu huendelea kukomaa ndani yake. Tofauti na nyanya, mbegu za pilipili hazihitaji kuvundikwa. Hutolewa, hutandazwa kwenye sahani au karatasi mahali penye hewa, mbali na jua la moja kwa moja, na kugeuzwa kila siku. Mbegu iliyokauka huvunjika inapokunjwa. Ikijipinda bado ina maji. Ihifadhiwe kwenye chupa yenye mfuniko unaobana, pamoja na punje za mchele zilizokaangwa bila mafuta na kupoa ili zinyonye unyevu, mahali penye giza na ubaridi. Kwa namna hii mbegu hudumu miaka miwili hadi minne. Ukanda wa pwani, kwa unyevu wake, huzifupishia maisha kama chupa haikubani.

Kiasi cha akiba kiachwe kila mara. Asiye na akiba akipoteza kitalu kimoja kwa vidukari au mvua, ukoo wote umeishia hapo.

Mipaka ya kisheria

Kaya inaruhusiwa kuzalisha, kupanda na kula inachokipata katika bustani yake. Mambo hubadilika mbegu zinapoingizwa sokoni. Kwa Tanzania Bara, uzalishaji na uuzaji wa mbegu husimamiwa na Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, na taasisi ya Serikali inayothibiti ubora wake ni TOSCI, yenye makao yake Morogoro. Mkulima mdogo anayetaka kuuzia majirani mbegu zake anaweza kuulizia utaratibu wa mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, ambao humtaka asajiliwe na kukaguliwa shamba, na huuwekea mauzo yake mipaka ya eneo. Aidha, ipo sheria ya mwaka 2012 inayolinda haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea. Aliyetumia aina iliyosajiliwa kama mzazi nyumbani hana kosa, bali kuizidisha aina hiyohiyo na kuiuza bila idhini ya mwenye haki ni jambo jingine. Afisa ugani wa kata ndiye wa kwanza kuulizwa.

Kwa aina za zamani ambazo mwenyewe hataki kuziuza bali hataki zipotee, ipo hifadhi ya taifa ya nasaba za mimea mkoani Arusha, chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA). Mbegu zenye thamani kwa hifadhi ya namna hiyo ni zile zinazoambatana na maelezo: kijiji zilikotoka, jina la wenyeji, ni nani alianza kuzipanda na lini, tunda hutumikaje, na kama maua yalifunikwa.